Mahali pa Neno

Kila aliyepata kufundisha kusoma amekwisha kutamka amri hii mara maelfu: fungueni kitabu ukurasa wa 24, mstari wa tano. Ni amri ndogo, na mtoto wa darasa la pili huitekeleza bila kujiuliza. Hata hivyo ndani yake mna mapatano makubwa. Ili mimi na watoto arobaini tuweke vidole vyetu juu ya neno moja kwa wakati mmoja, hapana budi tuwe tumekubaliana nini kinahesabiwa, hesabu inaanzia wapi, na ya kwamba vitabu vyetu vimepangwa sawasawa. Likikosekana moja tu kati ya hayo, darasa zima hupotea.

Sisi tulioingia kazini miaka ya 1970 tulilifahamu jambo hili kwa shida. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto walifurika madarasani kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote, na vitabu havikuongezeka kwa kadiri ile ile. Katika shule nilizofundisha, Mbulu na baadaye Hanang, dawati moja liliweza kuwa na kitabu cha chapa ya zamani na la pili chapa mpya, na la tatu kitabu kisicho na kurasa za mwanzo. Ukurasa wa 24 wa huyu haukuwa ukurasa wa 24 wa yule. Mwalimu mwenye busara aliacha kutaja ukurasa. Alisema: tafuteni sura ya tatu, aya ya pili, sentensi inayoanza kwa neno "Asubuhi." Kurasa zilihama, lakini sura na aya hazikuhama.

Nimeanza na hayo kwa sababu makala hii inahusu swali moja tu, nalo ni hili: neno liko wapi? Swali hilo ni la kale. Katika siku zetu limekuwa swali la watu wanaoandika maagizo ya kompyuta, hasa wale wanaotaka mashine itambue mahali pa neno ndani ya dirisha la mazungumzo, yaani lile dirisha ambamo watu walio mbalimbali huandikiana papo kwa papo, maarufu kwa jina la soga au chati. Mwanzoni nilidhani mambo hayo hayanihusu. Nimekuja kuona yanatuhusu sana sisi wa Mbulu na Hanang, na nitaeleza sababu yake.

Wa kwanza kusumbuliwa sana na swali hili walikuwa wasomaji wa vitabu vya dini. Biblia za kale hazikuwa na sura wala aya zenye namba kama tuzijuavyo. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuteuliwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207. Katika miaka ya 1230, watawa wa Kidominika wa Paris chini ya Hugh wa Saint-Cher walitunga faharasa ya maneno ya Biblia nzima. Aya zenye namba zilikuwa hazijapatikana, kwa hiyo waliigawa kila sura kwa kukadiria katika sehemu saba, wakazipa herufi kuanzia A hadi G. Msomaji aliambiwa: neno hili liko sura fulani, sehemu ya D. Namba za aya za Agano Jipya tunazozijua zilichapwa mwaka 1551 na Robert Estienne, mchapaji Mfaransa. Tangu hapo, mtu wa Dongobesh mwenye Biblia ya Kiswahili na mtu wa Roma mwenye Biblia ya Kilatini huweza kufungua mahali pamoja, ingawa kurasa zao hazilingani hata kidogo. Waislamu nao, wanapotaja sura na aya ya Kurani, hufanya jambo lilo hilo.

Funzo la historia hiyo ni rahisi. Mahali pa neno hapamo ndani ya neno lenyewe. Hutokana na kipimo tulichokubaliana. Kipimo kikifungwa kwenye karatasi, mahali huhama kila karatasi inapobadilika. Kipimo kikifungwa kwenye matini yenyewe, mahali hutulia.

Waswahili wa pwani walilijua hilo kwa njia yao, katika ushairi. Utendi wa kale, mathalani Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini utaratibu wake haukutegemea ukubwa wa karatasi. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani minane. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ambayo mshororo wake una mizani kumi na sita, na kina cha kati huangukia mizani ya nane. Mtu asiye na kitabu hata kimoja, akiwa ameketi barazani, aliweza kusema "ubeti wa tano, mshororo wa pili, kina cha kati," na wenzake wakajua ni silabi ipi inayotajwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kanuni za utunzi mwaka 1954, aliandika mambo ambayo watunzi wengi walikuwa wakiyashika kwa masikio. Huo ni utaratibu wa kutaja mahali, tena ni sahihi kuliko ukurasa na mstari.

Lakini angalia, ndugu msomaji, kinachohesabiwa ni nini. Mshairi hahesabu herufi, anahesabu mizani. Neno "mtu" lina herufi tatu lakini mizani miwili, kwa sababu M pale mwanzoni inasimama peke yake kama silabi. Karani wa posta alihesabu kitu kingine kabisa. Wakati wa simu za maandishi, tulilipa kwa idadi ya maneno. Kiswahili kilitufaa mno pale dirishani, maana "nitawasili" ni neno moja, na Mwingereza angelipia maneno matatu kwa habari hiyo hiyo. Watu wawili wanaweza kuitazama sentensi moja, wakaihesabu kwa uaminifu, na wakapata majibu tofauti, kila mmoja akiwa sahihi kwa kipimo chake.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie hadi mwisho: Ng'ombe wa babu wamerudi nyumbani. Karani wa posta atasema ni maneno matano. Mshairi atasema ni mizani kumi na miwili. Kompyuta itasema ni alama 33, kwa kuwa yenyewe huhesabu kila kitu kinachochukua mahali: herufi, nafasi tupu baina ya maneno, na hata kile kialama cha juu katika "ng'ombe" ambacho walimu wa lugha hukiita ritifaa.

Sasa nifikie dirisha la mazungumzo. Mnamo Agosti 1988, kijana wa Kifini aitwaye Jarkko Oikarinen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oulu, kaskazini mwa nchi hiyo, alitunga mfumo wa kuwawezesha watu wengi kuandikiana kwa wakati mmoja kupitia kompyuta zilizounganishwa. Mfumo huo ukaitwa IRC. Kanuni zake ziliandikwa rasmi na kutolewa Mei 1993, na mojawapo ilisema ujumbe mmoja usizidi alama 512, zikiwamo mbili zisizoonekana za kufungia mstari. Mwaka 1995, Khaled Mardam-Bey, aliyekuwa akiishi Uingereza, alitoa programu ya mIRC, iliyowapa watumiaji wa Windows dirisha la kuingilia mazungumzo hayo. Huku kwetu, migahawa ya intaneti ilipoanza kuonekana Dar es Salaam na Arusha mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana waliketi humo hadi usiku wakizungumza na watu ambao hawatawaona maisha yao yote. Wazee tulikuwa bado tunabishana kama chombo hicho kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi.

Programu ya mIRC ilikuwa na jambo moja lililowavutia vijana wenye akili ya udadisi. Ilimruhusu mtumiaji kuandika maagizo yake mwenyewe, ambayo wataalamu huyaita skripti. Aliweza kuiagiza: kila likitokea neno fulani, lipake rangi, mtu akibofya jina, nionyeshe habari zake. Ili agizo kama hilo litekelezeke, mashine lazima ijue ni neno lipi lililobofywa. Hapo ndipo swali la Hugh wa Saint-Cher lilipozaliwa upya.

Mjukuu wangu mmoja, anayejipatia riziki kwa kuandika programu, ndiye aliyenieleza kazi hiyo inavyokwenda. Nilimwuliza kwa nini mashine isilione neno tu, kama mimi ninavyoliona. Alinijibu: "Babu, mashine haijui kusoma. Inajua kuhesabu tu." Jibu hilo nimeliweka moyoni, maana lilinifungulia mambo mengine yote.

Mtu anapobofya, kompyuta haipati habari kwamba ameligusa neno "babu." Inachopata ni namba mbili: nukta ngapi kutoka ukingo wa kushoto wa dirisha, na nukta ngapi kutoka juu. Nukta hizo huitwa pikseli. Namba ya kwenda chini ikigawanywa kwa kimo cha mstari, hutoa mstari wa ngapi. Namba ya kwenda kulia ni ngumu zaidi, kwa sababu herufi za chapa nyingi hazina upana mmoja. I ni nyembamba kama fito, M na W ni pana kama ngoma. Skripti inalazimika kujumlisha upana wa herufi moja baada ya nyingine hadi ifikie pale kidole kilipobofya, ndipo iseme: ni herufi ya 12. Baada ya hapo inarudi kushoto hadi ikute nafasi tupu, inakwenda kulia hadi ikute nafasi tupu nyingine, na kilichomo katikati ndicho neno. Mtoto wa darasa la kwanza anayefuatisha kidole chini ya mstari hufanya hivyo hivyo.

Vikwazo vyake navyo ni vile vile tulivyovijua darasani. Kwanza, dirisha likipunguzwa upana, mstari mrefu hukunjika ukawa miwili, kama vile kitabu kinapochapwa upya kwa karatasi ndogo. Neno lililokuwa mwisho wa mstari wa tatu linajikuta mwanzo wa mstari wa nne, na hakuna aliyebadilisha hata herufi. Pili, dirisha likijaa, mistari ya zamani hufutwa juu ili mipya ipate mahali chini, na hivyo mstari uliokuwa wa 200 unakuwa wa 199. Tatu, zipo alama zisizoonekana. Katika mIRC mtu akiandika kwa rangi, mwanzoni mwa maneno yake huwekwa alama ya siri ikifuatwa na tarakimu za rangi. Katika mfano wetu neno "babu" linaanzia mahali pa 12. Sentensi ikipakwa rangi kwa alama hiyo na tarakimu mbili, "babu" inaanzia mahali pa 15, ingawa jicho haliioni tofauti yoyote ya mahali.

Nne, hesabu ianzie wapi? Zipo lugha za kompyuta zinazoita herufi ya kwanza namba moja, na zipo zinazoiita namba sifuri. Kwa hawa "babu" iko 12, kwa wale iko 11. Jambo hili lisitushangaze sisi watu wa Afrika Mashariki. Saa yetu ya kwanza ni saa moja asubuhi, na wageni huiita saa ya saba. Jua ni lile lile, mwanzo wa hesabu ndio unaotofautiana.

Tano, kupata herufi si kupata neno. Mwagize mjumbe wako wa kompyuta atafute "wa" katika sentensi ya mfano wetu. Ataipata mahali pa 9, na hapo amepatia. Ataipata tena mahali pa 17, mwanzoni mwa "wamerudi." Mwagize atafute "mali" katika gazeti, atakuletea Somalia na kumaliza. Kinyume chake, mwagize atafute "soma," ataipata ndani ya "anasoma" na "watasoma" lakini atazikosa "asome" na "hasomi." Lugha zetu hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, wala hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetafuta kwa kulinganisha herufi tu. Ndiyo maana Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza mwaka 1985 kuifundisha kompyuta Kiswahili, alilazimika kuipa kanuni za viambishi, ijue kwamba "hasomi" ni mtoto wa "soma." Chuo hicho kimejenga hazina ya matini za Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, na kila neno linaweza kutafutwa na kuonekana mahali lilipotumika. Watawa wa Paris wangeifurahia kazi hiyo.

Hadi hapo mambo yote ni ufundi, na fundi hodari huyamaliza. Lakini lipo la sita, nalo si la ufundi. Ni la haki. Nilisema kwamba skripti hulitambua neno kwa kutafuta mpaka wake kushoto na kulia. Nani ameamua mpaka wa neno ni nini? Waliotunga zana hizi mwanzoni waliitazama lugha yao. Kwao herufi ni A hadi Z, na alama nyingine huhesabiwa kuwa ua linalotenga neno na neno. Zana nyingi za namna hiyo zikipewa "ng'ombe" huikata vipande viwili: "ng" na "ombe." Sentensi yetu ya maneno matano inakuwa ya maneno sita, na ndani yake hamna ng'ombe hata mmoja. Mkulima wa Hanang anaweza kucheka. Lakini mtu anayetafuta habari za mifugo katika maelfu ya kurasa, akaambiwa neno hilo halimo, hatacheka.

Kwa Kiswahili athari ni ndogo, kwa kuwa ni maneno machache yenye ritifaa. Sasa njoo kwetu. Wilaya zetu za Mbulu na Hanang, zilizokuwa Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, zina utajiri wa lugha usio wa kawaida. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatooga wa nyanda za chini ya Mlima Hanang husema lugha ya jamii ya Kiniloti. Majirani zetu kadhaa ni Wabantu. Na katika Bonde la Yaeda wamo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko wataalamu wengi huiona haina ndugu anayejulikana. Abidi ya herufi 26 haikushonwa kwa mwili wa lugha hizo.

Kiiraqw kina sauti inayotoka kooni, inayofanana na ile 'ain ya Kiarabu. Maarten Mous katika sarufi yake ya mwaka 1993 aliiandika kwa mkwaju, yaani ule mstari wa kulala tunaoutumia kuandika tarehe. Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza iliyotolewa mwaka 2002, ambayo aliitunga pamoja na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Roland Kießling, iko katika mkondo huo huo. Ritifaa nayo huandika sauti nyingine, ule mkato wa pumzi kooni. Kwa hiyo katika lugha ya nyumbani kwetu mkwaju ni herufi kamili kama B na D. Inaweza kuanza neno, na inaweza kukaa katikati yake.

Fikiri basi Mwiraqw anayeketi mbele ya dirisha la IRC na kuandika neno la kwao linaloanza kwa herufi hiyo. Katika programu za mfumo huo, mstari unaoanza kwa mkwaju si mazungumzo, ni amri kwa mashine. Mashine italipokea neno lake kama agizo, italitafuta katika orodha ya amri zake, haitaliona, nayo itamjibu kwamba amri hiyo haijulikani. Mtu amewasalimu ndugu zake, na ameambiwa kwamba alichosema hakijulikani. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Hakuwepo tu yeyote wa kusema "hii ni herufi" siku ile mapatano yalipofanywa.

Kwa Wahadzabe ni vigumu zaidi. Wataalamu huandika baadhi ya sauti za kidoko kwa alama inayofanana kabisa na alama ya mshangao, nyingine kwa mstari wima. Katika Unicode, ule utaratibu wa dunia wa kuipa kila herufi namba yake, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kidoko hicho kina namba yake na mshangao una namba yake. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili. Mmoja akiandika kwa hiki na mwingine akatafuta kwa kile, hawatakutana kamwe. Tena, katika njia ya kuhifadhi maandishi iliyoenea zaidi leo, herufi hiyo ya kidoko huchukua vyumba viwili mahali ambapo A huchukua kimoja, na skripti inayohesabu vyumba ikidhani inahesabu herufi hupotea njia.

Nilipofika hapo katika maelezo ya mjukuu wangu, nilikuwa tayari kuhitimisha kwamba lugha ndogo hazina bahati. Ndipo aliponionyesha jambo katika kanuni zile za mwaka 1993 lililonifanya niweke miwani vizuri. Imeandikwa humo kwamba, kwa sababu ya asili ya mfumo huo katika nchi za Skandinavia, mabano ya mawimbi na mstari wima zihesabiwe kuwa herufi ndogo za mabano ya mraba na mkwaju wa kinyume. Kwa mtu wa nje huo ni upuuzi. Mabano yana herufi kubwa na ndogo tangu lini? Maelezo yake ni haya. Kwenye kompyuta za Wafini na Waswidi za wakati ule, namba zilizowekewa mabano na alama zile kwa Kiingereza zilitumiwa kwa herufi za kwao: Ä, Ö na Å. Kwa hiyo aliyeandika jina lake kwa Ä kubwa na aliyeliandika kwa ä ndogo walipaswa kuwa mtu mmoja. Kanuni ikawekwa, ikasambaa duniani pamoja na mfumo, na watu wa Marekani na wa Arusha wakaitii bila kujua.

Wafini ni watu wachache, wasiofika milioni sita. Lugha yao haina udugu na Kiingereza. Lakini aliyeketi kuandika mapatano alikuwa mmoja wao, akaleta herufi za mama yake mezani. Hilo ndilo jambo la pekee ninalotaka msomaji alishike katika makala hii. Mahali pa neno huamuliwa na anayehesabu, na anayehesabu huhesabu kwanza vya kwao. Ukubwa wa taifa si hoja. Hoja ni kuwapo wakati wa kupatana.

Mjukuu wangu hakunieleza haya kwa ajili ya kuongeza maarifa tu. Kundi la soga la ukoo wetu, ambalo siku hizi limo katika simu za mkononi, lina wazee wanaopenda kuandika maneno ya Kiiraqw ya zamani: majina ya nyasi za malisho, ya sehemu za nyumba, ya hatua za kutengeneza pombe. Alitaka kuyakusanya kabla wenyewe hawajatutoka. Aliandika skripti ya kupita katika mazungumzo ya miaka kadhaa, kulitafuta kila neno na kulitaja mahali lilipo: nani aliandika, siku gani, ujumbe wa ngapi, neno la ngapi. Orodha iliyotoka ilijaa vipande. Maneno yenye mkwaju yalikuwa yamepasuliwa katikati, na mengine yalipoteza kichwa. Neno ambalo bibi mmoja wa ukoo alilieleza vizuri kabisa, kwa jumbe nne mfululizo, skripti ilisema halimo.

Kuliponya hilo kulihitaji mstari mmoja tu wa maagizo: mkwaju na ritifaa ni herufi, si ua. Lakini palitokea jambo la pili ambalo mashine haikuweza kuliamua. Wazee hawaandiki kwa namna moja. Kwa sauti ile ile mmoja huweka mkwaju, mwingine ritifaa, wa tatu haweki kitu. Kijana alitaka afuate mfano wa Wafini, azihesabu alama hizo mbili kuwa kitu kimoja, ili atafutaye asikose. Nilimwambia kwamba Ä kubwa na ä ndogo ni sauti moja, lakini mkwaju na ritifaa kwetu ni sauti mbili. Ukizichanganya katika hazina yenyewe, yapo maneno mawili yenye maana mbalimbali yatakayozikwa kaburi moja, na kizazi kijacho hakitajua kuyatenganisha.

Tulilipeleka jambo hilo kwa wazee wenyewe, tukakaa nalo Jumapili nzima, na uamuzi wao ulikuwa wa hekima. Katika kutunza, kila neno litunzwe kwa herufi zake sahihi, na aliye hai aulizwe lisemweje. Katika kutafuta, mashine iwe na huruma: aliyeandika ritifaa, mkwaju au bila chochote aonyeshwe yote yanayokaribiana, achague mwenyewe. Mjukuu akaandika hivyo. Neno la yule bibi sasa lina mahali pake, na mahali hapo hapategemei upana wa dirisha wala idadi ya mistari iliyofutwa.

Nawaachia walimu wenzangu, hasa vijana wanaofundisha kompyuta katika shule ambazo umeme umefika, neno moja la kazi. Msiwafundishe watoto kubofya tu. Wapeni sentensi ya lugha ya nyumbani kwao, wahesabu maneno, wahesabu silabi, wahesabu herufi, kisha wajadili kwa nini majibu hayalingani na nani aseme lipi ni sahihi. Mtoto wa Haydom au wa Katesh aliyefanya zoezi hilo mara moja hatastaajabu mashine ikimwambia neno la bibi yake halijulikani. Atauliza kanuni iko mstari wa ngapi, na ataomba nafasi ya kuirekebisha.